Shule kongwe za sekondari za serikali na majengo yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakuu wa shule, wajumbe wa bodi, wahandisi wa halmashauri, mafundi, wanafunzi wa zamani na wazazi wa shule za Tanzania zinazofundisha ndani ya majengo ya enzi ya Wajerumani, Waingereza au wamisionari. Mengi yanahusu maji na chokaa, kwa sababu huko ndiko majengo haya yanakoponea au kufia.

Shule kongwe ni ipi?

Kwa mazungumzo ya kawaida ni shule ya sekondari iliyokuwapo kabla ya Uhuru, au muda mfupi baada yake, na inayotumia bado majengo yake ya mwanzo. Zimepita njia mbili. Kuna zilizoanzishwa na serikali za kikoloni: Tanga, ambako Wajerumani walifungua shule ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1890, Tabora, alikosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1937, Malangali, iliyofunguliwa 1928. Na kuna zilizokuwa za misheni, kama Minaki, iliyohamia hapo ilipo mwaka 1925 ikitokea Kiungani, Zanzibar, au Pugu, alikofundisha Nyerere mpaka alipojiuzulu 1955. Nyingi za kundi hili la pili zilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969.

Njia ambayo shule ilipita si habari ya historia tu. Shule iliyotoka misheni inaweza kuwa na kanisa, makaburi au nyumba ya mapadri ndani ya uzio wake, na mipaka ya ardhi isiyoeleweka. Kabla ya kujenga au kubomoa chochote, hati na ramani ya upimaji zitafutwe kwenye idara ya ardhi ya halmashauri.

Jengo letu lina zaidi ya miaka mia. Je, linalindwa na sheria moja kwa moja?

Mara nyingi hapana, na hapa wengi hukosea. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda bila tangazo lolote majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo ya Wajerumani na Waingereza yote yalikuja baada ya hapo, kwa hiyo hulindwa tu pale Waziri anapoyatangaza katika Gazeti la Serikali. Kama shule yenu haijatangazwa, hakuna mlinzi isipokuwa ninyi wenyewe na halmashauri.

Milango ina kanuni yake. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa, hata kama jengo lenyewe halijatangazwa. Shule za pwani zenye milango ya nakshi zisikubali kamwe fundi "abadilishane" mlango wa zamani na mpya wa vioo. Milango hiyo ina soko, na ukishatoka haurudi.

Zanzibar ina utaratibu wake. Ndani ya Mji Mkongwe, kazi yoyote kwenye jengo, hata kupaka rangi upande wa nje, hupitia kwanza kwa mamlaka ya hifadhi ya mji huo.

Tunataka kukarabati. Tuanze na nini?

Anzeni na kalamu na kamera. Pigeni picha kila ukuta, ndani na nje, huku mtu ameshika kijiti cha mita moja kilichopakwa alama. Pimeni kila chumba kwa futi kamba na mchore ramani, hata ya mkono. Andikeni kila paa linapovuja, kila ukuta wenye unyevu, na urefu wa unyevu huo kutoka sakafuni. Kazi hii inaweza kufanywa na walimu wawili na kundi la wanafunzi wa kidato cha tatu, na ndiyo itakayomwezesha mhandisi kuandika makadirio yanayofanana na jengo lililopo.

Kisha mwombeni kwa maandishi mhandisi wa halmashauri aje, kupitia Afisa Elimu Sekondari, na mwandikieni ofisa wa Mambo ya Kale hata kama jengo halijatangazwa. Ushauri wao una uzito pale mzabuni anapotaka kubomoa. Michoro ya awali ya majengo ya Wajerumani wakati mwingine hupatikana Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Utaratibu wa kazi hauna njia ya mkato: paa kwanza, pili mifereji ya maji, kuta zifuate, na rangi mwisho kabisa. Shule inayoanza na rangi kwa sababu mgeni anakuja itapaka tena baada ya masika.

Tulipiga lipu ya saruji miaka mitatu iliyopita na sasa inabanduka kwa vipande vikubwa. Fundi alituibia?

Pengine hakuiba hata mfuko mmoja. Saruji imara juu ya ukuta wa chokaa hubanduka hata ikipigwa na fundi bora.

Kuta za zamani, iwe ni za mawe ya matumbawe pwani au matofali ya kuchoma bara, zimeunganishwa kwa chokaa au udongo, na nyingi hazina nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, mara nyingi hadi karibu mita moja, kisha hutoka kwa kukauka kupitia lipu ya chokaa yenye vinyweleo. Ukiufunga uso huo kwa saruji, maji hayakomi kupanda. Yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma nje. Lipu ikianguka, huanguka na uso wa jiwe au tofali. Ndiyo maana mnaona unga mwekundu au mweupe sakafuni kila asubuhi.

Kuongeza saruji, kupaka dawa ya kuzuia maji, au kufunika kwa vigae vya ukutani ni kuhamishia tatizo juu zaidi au upande wa pili wa ukuta. Dawa ni hii: bandueni lipu yote ya saruji hadi nusu mita juu ya mstari wa unyevu, kwa nyundo na patasi ndogo, bila mashine ya kutoboa. Piga mswaki mkavu chumvi yote inayojitokeza na uizoe, usiimwagie maji. Acheni ukuta wazi ukauke kipindi chote cha kiangazi. Wakati huohuo chimbeni chini usawa wa ardhi ya nje ikiwa imepanda juu ya sakafu ya ndani, jambo la kawaida sana kwenye shule ambazo ua umefagiliwa kuelekea ukutani kwa miaka themanini. Baada ya hapo pigeni lipu ya chokaa.

Lipu ya chokaa inatengenezwaje?

Kuna chokaa hai inayotoka tanurini kama mawe, na chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa. Chokaa hai ikikutana na maji huchemka na kurusha matone yanayoweza kupofusha. Izimwe kwenye pipa la chuma au shimo, kwa kutia chokaa ndani ya maji na si maji juu ya chokaa, na fundi avae miwani na glavu. Wanafunzi wasiwepo kabisa. Ikishapoa huchujwa na kuhifadhiwa chini ya maji. Miezi mitatu inatosha kuifanya laini, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa nzuri.

Kwa chokaa ya mfuko, loweka usiku kucha ipate kuwa ujiuji mzito. Nunua mifuko mipya. Iliyokaa dukani mwaka mzima, au iliyochanika, imekwisha kunyonya hewa na haitashika.

Kipimo ni sehemu moja ya chokaa nzito kwa sehemu tatu za mchanga. Kwa ukuta wa mita 10 za mraba, unene wa sentimita moja na nusu, andaa ndoo tatu za lita 20 za chokaa na ndoo tisa za mchanga. Hapo umeshahesabu na kinachopotea. Mchanga uwe mkali, wenye chembe kubwa na ndogo. Upime kwa chupa: jaza nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa chache. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshwe au ukataliwe. Mchanga wa baharini usitumike hata ukioshwa mara mbili, kwa sababu chumvi itavuta unyevu kila msimu wa mvua.

Lowanisha ukuta, kisha piga tabaka la kwanza lisilozidi sentimita moja. Likwaruze, lisubiri takribani wiki, kisha tabaka la pili. Tundika magunia yaliyoloa mbele yake na kuyanyunyizia asubuhi na jioni siku kadhaa, hasa upande wa jua. Chokaa hukomaa kwa kunyonya hewa, milimita moja hivi kwa mwezi. Fundi aliyezoea saruji ataona bado laini siku ya tatu na atataka kuongeza "kidogo tu" cha saruji kwa siri. Kaeni naye.

Rangi gani ifae?

Nje na ndani ya kuta za chokaa: chokaa iliyochanganywa na maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano myembamba juu ya ukuta uliolowanishwa, asubuhi au jioni. Mkono mmoja mzito hupukutika na kuchafua sare. Rangi ya mafuta na ya plastiki hufunga ukuta kama saruji. Ule ukanda mweusi au wa kahawia wa mafuta chini ya kuta za madarasa ndio unaosababisha malengelenge mengi mnayoyaona.

Kwenye milango na madirisha ya zamani, rangi za chini huenda zina risasi. Zisikwanguliwe zikiwa kavu wala kuchomwa. Lowanisha, kwangua, zoa takataka zote, na fanyeni wakati wa likizo.

Ufa upi ni wa kuogopa?

Ufa wa nywele kwenye lipu hauna neno. Ufa unaopita ukuta mzima, unaoshuka kwa ngazi kufuata viungo vya matofali, au ulio mpana juu kuliko chini, ufuatiliwe. Bandika kipande cha kioo chembamba kuvuka ufa kwa jasi, andika tarehe. Kikivunjika, jengo linatembea. Ufa unaozidi milimita tano, au unaokua, ni wa mhandisi, na darasa lihamishwe kabla hajafika.

Visababishi vya kawaida ni maji ya bomba au ya paa yanayomwagika sehemu moja ya msingi, shimo la choo lililochimbwa karibu mno, na miti. Miche ya mkuyu na jamii yake huota juu ya kuta kutokana na mbegu za ndege. Msiing'oe ikishashika, maana itatoka na mawe. Ikate usawa wa ukuta, ua shina, kisha ziba kwa chokaa.

Kwenye majengo ya Wajerumani ya pwani, ufa ulionyooka juu ya dirisha au kando ya dari mara nyingi ni chuma kilichomo ndani kinachopata kutu. Kutu huvimba mara kadhaa kuliko chuma chenyewe na hupasua zege. Kuziba ufa bila kufikia chuma ni kupoteza fedha.

Na kabla ya kufungua ukuta wowote unaobeba mzigo, tegemezeni kwanza. Desemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, jengo la 1883, iliporomoka Zanzibar katikati ya ukarabati na watu wawili wakafariki.

Ghorofa yetu ni ya boriti. Tunaweza kumwaga zege juu yake iwe imara?

Hapana. Zege la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 8 kitaongezewa karibu tani sita, juu ya boriti za mikoko zilizokwisha kubeba mawe na chokaa kwa karne nzima.

Boriti huoza kwenye ncha zinazoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Choma kila ncha kwa bisibisi: ikizama kirahisi kupita sentimita moja, boriti hiyo ibadilishwe au iungwe ubavuni. Mikoko mipya inahitaji kibali cha misitu, kwa hiyo ombeni mapema. Mbao ngumu zilizokauka hufaa pia.

Angalieni mnachoweka juu. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu vya kiada hukaribia kilo 30, na kabati la rafu tano lenye upana wa mita moja hufika kilo 150. Maktaba iwe chini. Ikishindikana, makabati yakae kando ya kuta, kwenye zile kuta ambazo boriti zimeegemea.

Vigae vya paa vimevunjika. Tubadilishe tuweke bati?

Kama vigae vilivyo vizima ni zaidi ya nusu, vikusanyeni vyote kwenye upande unaoonekana na mtafute vingine kutoka majengo yanayobomolewa. Vigae vya Mangalore huenda kama 15 kwa mita ya mraba, na jina la kiwanda lililogandamizwa nyuma litawasaidia kupata vinavyoshikana. Mara nyingi kilichooza ni papi tu, zile mbao nyembamba zinazobeba vigae, na kigae hakina kosa.

Mkilazimika kuweka bati, chukueni geji 28. Geji 32 ni nyembamba mno kwa shule. Kumbukeni pia kwamba paa la vigae hujishikilia kwa uzito wake, takribani kilo 40 kwa mita ya mraba, wakati bati halifiki kilo 5. Kenchi ambazo hazikuwahi kufungwa ukutani zitanyanyuka kwa upepo wa kwanza. Zifungwe zote kwa mikanda ya chuma au nondo nyembamba iliyozamishwa kozi tatu au nne ndani ya ukuta. Joto na kelele za mvua zitaongezeka, kwa hiyo msiziondoe dari wala kuziba matundu ya hewa yaliyo juu ya kuta.

Mabweni na mabwalo yaliyoongezwa katikati ya karne iliyopita yanaweza kuwa na paa la asbesto, la kijivu, nene, linalovunjika badala ya kupinda. Likiwa zima liacheni. Msitoboe, msikate, msifagie vumbi lake likiwa kavu. Kuliondoa ni kazi ya wenye vifaa, kwa maelekezo ya NEMC (baraza la taifa la mazingira), na shule ikiwa imefungwa.

Mifereji ya paa inahitajika kweli?

Kuliko rangi, kuliko vigae vya sakafuni, kuliko geti jipya. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 400 za mraba mahali penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka humwaga lita 400,000 chini ya kuta zenu, na hata mkipoteza moja ya tano mtabaki na lita 320,000 za kufulia na kumwagilia. Ila maji ya paa la asbesto au lenye popo wengi yasiwe ya kunywa.

Popo na mchwa tuwafanyeje?

Popo hawauawi, hutolewa. Zibeni matundu yote isipokuwa mawili, tundikeni wavu unaoning'inia juu ya hayo ili watoke usiku washindwe kurudi, na baada ya usiku kadhaa zibeni. Msifanye hivyo kukiwa na vitoto visivyoruka. Kinyesi chao kilowanishwe kabla ya kuzolewa, na wazoaji wavae barakoa, kwani vumbi lake linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu.

Mchwa hufuata mbao inayogusa udongo na ukuta ulioloa. Mkivunja vichuguu vyao na kumwaga dawa bila kukausha mahali hapo, watarudi.

Bweni letu ni jengo la kihistoria. Tunaruhusiwa kuondoa grili?

Ondoeni. Karibu grili zote ziliongezwa baadaye, na hata zingekuwa za asili, maisha ya watoto yako mbele. Mwaka 2001 moto wa bweni huko Kyanguli, Machakos, uliua wanafunzi 67. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa 2008 unataka madirisha yasiyo na grili, milango ya upana wa futi tano inayofunguka kwa nje, mita 1.2 kati ya vitanda na njia ya katikati ya mita 2. Vipimo hivyo vinafaa kufuatwa popote. Palipo na mlango mmoja tu, dirisha moja upande wa pili likatwe liwe mlango. Hilo ni badiliko ambalo mhifadhi yeyote mwenye busara ataliidhinisha.

Kuhusu umeme: nyaya za zamani zilitengwa kwa taa tu. Soketi moja yenye chaja ishirini na pasi huwasha nyaya ndani ya dari ya mbao bila mtu kuona. Wekeni chumba kimoja cha kuchajia nje ya bweni, saketi yake peke yake, na swichi ya kukata umeme unapovuja ya miliampia 30. Namba ya Zimamoto ni 114. Ibandikwe kila mlango, na mlinzi awe na funguo zote usiku.

Fedha zitoke wapi?

Ruzuku ya uendeshaji haitoshi paa, lakini inatosha kuzibua mifereji na kubadili vigae ishirini kila mwaka, na hiyo ndiyo kazi inayookoa paa. Kwa kazi kubwa kuna bajeti ya halmashauri, Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na TEA (Mamlaka ya Elimu Tanzania), na wanafunzi wa zamani. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010 serikali ilikarabati shule kongwe zaidi ya 80, kwa hiyo muulizeni mhandisi kama yenu ilihesabiwa na nini kilifanyika.

Kwenye kazi za fosi akaunti, yaani zile ambazo shule huzisimamia yenyewe bila kumpa mkandarasi, hatari iko kwenye karatasi. Makadirio mengi hunakiliwa kutoka madarasa mapya ya tofali za saruji. Kama neno chokaa halimo kwenye orodha ya vifaa, halitakuwamo ukutani. Lisisitizeni kabla manunuzi hayajaingizwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma.

Wanafunzi wa zamani wapewe kitu kimoja kinachopimika: madirisha kumi na mawili ya bweni fulani, au mifereji ya jengo la utawala. Michango isiyo na jina la kazi huishia kwenye geti.

Mwanangu amepangiwa kidato cha tano shule kongwe. Kuna cha ziada cha kumwandalia?

Fuateni fomu ya kujiunga ya shule husika, kisha ongezeni haya. Tranka la bati badala ya begi la nguo, na vipande viwili vya mbao vya kulinyanyua sakafuni, kwa sababu ya unyevu na mchwa. Chandarua cha kutosha kitanda cha ghorofa. Vyumba ni virefu na ndoano za dari hazifikiki, kwa hiyo mpeni kamba mita nne. Tochi ya kuchaji, kamwe si mshumaa. Mtoto mwenye pumu, mwandikieni mlezi wa bweni barua na ombeni kitanda mbali na ukuta wenye ukungu.

Ukaguzi wa kila mwaka ufanyike lini?

Mara mbili. Mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua hazijaanza, kupanda paani na kuzibua. Halafu siku ya mvua kubwa yenyewe: mtu mwenye mwavuli na daftari azunguke majengo yote kwa nusu saa aone maji yanakopita. Siku hiyo huonyesha zaidi ya ripoti nyingi, na daftari hilo likabidhiwe kwa maandishi kila mkuu wa shule anapohamishwa.